Neno la Siku, Mizizi, Gazeti au Kadi: Njia Ipi Itakupa Msamiati wa Kiingereza?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, aliniletea barua yake ya kuomba kazi niipitie kabla hajaipeleka. Mwandiko safi, anwani mahali pake, vyeti vimeambatishwa. Katika aya ya pili alijieleza kwamba shuleni alikuwa "a notorious head prefect". Nikamuuliza neno hilo amelitoa wapi.

"Mwalimu, lilikuwa neno la siku kwenye simu," akanijibu. "Waliandika maana yake ni kujulikana sana."

Simu haikumdanganya, ila ilimpa nusu ya maana. "Notorious" ni mtu au kitu kinachojulikana sana kwa ubaya: jambazi sugu, kona ya barabara inayoua watu kila mwaka. Mwajiri angesoma barua ile akadhani anaandikiwa na kiranja mkuu aliyevuma kwa maovu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Mzee amefariki, ng'ombe amekufa. Mgeni aliyekariri kwamba kufariki ni sawa na kufa atakuambia kuku wake watatu wamefariki, nawe utamwelewa, lakini utajua papo hapo kwamba neno kalipata kwenye orodha, hakulisikia midomoni mwa watu. Kiingereza nacho kina heshima zake, na ndizo orodha isizozibeba.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilelile na wengi: wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaoogopa General Paper (karatasi ya insha na ufahamu), askari waliokulia Kiswahili cha kambini na sasa wanataka kwenda chuo, akina mama wa sokoni ambao watoto wao wanasoma kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini mitihani, hukumu za mahakama na barua za kazi bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo swali lao ni la haki. Njia zinazotajwa sana ni nne, zote nimezitumia mwenyewe na kuwatumikisha wanafunzi wangu, na hapa nitazipima kwa mizani moja.

Maneno ya aina gani kwanza?

Kabla ya kuchagua njia, tujue tunachokitafuta. Mwaka 1953 mwalimu wa lugha Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000, yale yanayorudi kila mahali. Mwaka 2000 Averil Coxhead, akifanya utafiti New Zealand, akatoa orodha nyingine ya familia 570 za maneno yanayotumika sana katika maandishi ya kitaaluma, ambayo hujaza takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Familia ya maneno ni kama vile soma, msomi, somo na usomaji kuhesabiwa kuwa kitu kimoja. Mtaalamu mwingine wa New Zealand, Paul Nation, alionyesha mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia kama 8,000 hadi 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno katika gazeti au riwaya bila msaada.

Mwanafunzi wetu wa kawaida anayemaliza sekondari anayo yale 2,000. Pengo lake liko katikati, kwenye maneno kama "reluctant", "scrutiny", "dwindle", "allege", "deteriorate", "inevitable". Haya si ya kushangaza mtu. Lakini ndiyo yanayofanya mtu asome ukurasa wa maoni wa gazeti na kuumaliza, na ndiyo yanayofanya insha ionekane imeandikwa na mtu mzima.

Maneno adimu kabisa yako juu ya hapo. Nayapenda, siwezi kukana. Kuna neno "petrichor", harufu ya udongo mkavu unapopata mvua ya kwanza. Lilitungwa na wanasayansi wawili wa Australia mwaka 1964 kutokana na maneno ya Kigiriki ya jiwe na ya majimaji yaliyosemekana kutiririka katika mishipa ya miungu. Mtu wa eneo letu hili la West Nile aliyesimama mlangoni mwezi Machi, baada ya kiangazi chote, anaijua harufu hiyo kuliko waliolitunga neno. Ila ukiliandika kwenye mtihani bila kulizungushia maelezo, wasomaji wengi litawapita, hata waliozaliwa na Kiingereza.

Neno la siku

Njia hii ndiyo rahisi kuliko zote. Unajiandikisha, kila asubuhi neno linakuja kwenye simu, na bando linalotumika ni dogo mno. Faida yake ya kweli ni kuamsha hamu. Nimeona vijana wasiogusa kitabu wakianza kubishana juu ya maneno kwa sababu ya ujumbe mmoja wa asubuhi.

Lakini piga hesabu. Neno moja kwa siku ni maneno 365 kwa mwaka, tena kama hukusahau hata moja. Kutoka familia 2,000 hadi 8,000 ni familia 6,000, yaani zaidi ya miaka 16. Na maneno yenyewe hayaji kwa mpango: leo neno la kati lenye manufaa, kesho neno la ushairi wa karne zilizopita, keshokutwa jina la chombo cha mabaharia. Anayechagua anatafuta la kuvutia, hajui mtihani wako uko lini. Kisha ndilo linalokuja likiwa uchi kuliko njia zote, bila jirani zake. Barua ya yule kijana ilitokana na hapo. Itumie kama kiburudisho cha asubuhi, usiifanye shule.

Mizizi ya maneno

Hapa mtu wa Kiswahili ana mtaji ambao hajui anao. Tangu utotoni tunavunja maneno na kuyaunga. Kutokana na -pend- tunapata penda, mpenzi, upendo, pendekezo, upendeleo, pendana, na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha. Kiingereza kina tabia inayofanana, ila mizizi yake mingi imefichwa katika Kilatini na Kigiriki.

Chukua "cred", mzizi wa Kilatini wa kuamini. Unazaa "credible", anayeaminika, "credulous", anayeamini upesi mno, "incredulous", asiyetaka kuamini anachokisikia, "credentials", hati za kuonyesha kwamba unastahili kuaminiwa, "creed", imani, na "credit", mkopo, kwa sababu anayekukopesha amekuamini. Sasa tazama kwetu: amini, mwaminifu, imani, amana. Njia ni ileile, kutoka moyoni hadi kwenye fedha. Nilipoziandika safu hizo mbili ubaoni, mwanafunzi mmoja alisema kwamba kwa mara ya kwanza Kiingereza kimeacha kuwa ukuta kwake. Maneno sita kwa mzizi mmoja, na yanashikana yenyewe kichwani kama watoto wa nyumba moja.

Fanya hivyo kwa "loqu", kusema: "eloquent", msemaji fasaha, "loquacious", mwenye maneno mengi, "colloquial", lugha ya mazungumzo ya kawaida. Fanya kwa "bene" na "male", wema na ubaya: "benevolent" na "malevolent", mwenye nia njema na mwenye nia mbaya. Mizizi 50 iliyochaguliwa vizuri inafungua mamia ya maneno ya kati, hasa yale ya shule, sheria na sayansi.

Kuna mtaji mwingine, nao ni Kiarabu. Lugha zetu mbili zimechota katika kisima kimoja. "Monsoon" ilipita kwa Wareno kutoka neno la Kiarabu lililotupa sisi msimu. "Cipher" na "zero" ni ndugu wa sifuri. "Tariff" ina asili moja na taarifa. "Magazine" ilitoka kwenye neno la ghala, lenye mzizi mmoja na hazina. Ndiyo maana kiweka risasi cha bunduki kinaitwa hivyo, na kila aliyekulia kambini analijua neno magazini. Sikuambii kwamba maneno haya yatakufikisha mbali kwa wingi wake. Nakuambia kwa sababu mtu anayejiona maskini wa Kiingereza anahitaji kujua kwamba hakuja mikono mitupu.

Sasa hatari zake, maana zipo na zinauma. Mizizi hufanana bila undugu. "Pedestrian", mtu aendaye kwa miguu, inatokana na Kilatini cha mguu. "Pediatrician", daktari wa watoto, inatokana na Kigiriki cha mtoto. Viambishi navyo hubadili kazi. Mwanafunzi akishajua kwamba "in-" hukanusha, ataliona neno "inflammable" kwenye lori la mafuta akadhani mzigo hauwaki, kumbe linamaanisha kitu kinachoshika moto upesi. "Invaluable" haimaanishi kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyokadirika. Na mzizi haukuambii neno linakaa na watu gani. Waingereza wana "ask", wana "question", wana "interrogate": la kwanza ni la wenyeji, la pili lilikuja kwa Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, la tatu ni Kilatini cha wasomi. Yote ni kuuliza. Lakini rafiki yako unamwuliza kwa la kwanza, na polisi anamhoji mtuhumiwa kwa la tatu. Sisi nasi tuna kuanza na kuasisi, wala hakuna mtu anayeasisi kula ugali.

Kusoma, na daftari

Nikilazimishwa kuchagua njia moja, nachagua hii, ingawa ndiyo inayodai subira zaidi. Neno ukilikuta kazini kwake, unaliona limevaa nini, limekaa karibu na nani, linasifu au linashutumu. Kijana yule angekutana na "notorious" mara tatu katika gazeti, asingeliweka kwenye barua.

New Vision na Daily Monitor zinatosha kwa kuanzia. La kwanza lilianza 1986, la pili 1992, na kurasa zao za maoni na za tahariri zimejaa maneno ya kati niliyoyataja. Gazeti la jana linafaa sawa na la leo, tena kinyozi au mwenye duka atakupa bure. Anayependa siasa asome kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge: humo utakuta "quorum", "adjourn", "move a motion" na "table a report" zikiwa kazini, na kisa chenyewe unakijua tayari kwa kuwa kimetangazwa redioni. Kuelewa kisa kabla ya lugha ni nusu ya safari.

Ugumu wa kitabu upime hivi. Asilimia 98 maana yake ni neno geni moja katika kila maneno 50. Ukurasa wa riwaya una maneno kama 250, basi usikutane na zaidi ya matano usiyoyajua. Yakifika 15 au 20, kiweke kitabu pembeni, chukua chepesi zaidi. Hilo si aibu. Nimewaona wengi wakijitesa na kitabu kizito, wakakiacha ukurasa wa tisa, wakaamini kwamba hawana kichwa cha lugha. Kosa lilikuwa la kitabu walichopewa.

Daftari lina taratibu yake. Soma makala yote mara moja bila kamusi, ukipigia mstari maneno matano tu. Kisia maana kwa kuyatazama majirani zake. Halafu fungua kamusi uhakikishe. Kisha nakili sentensi nzima ya gazeti, na chini yake tunga yako inayohusu maisha yako hapa, soko lako, ndugu zako. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, nayo ndiyo inayokuhamishia neno kutoka kwenye macho hadi kwenye mkono. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba mama yake alikuwa "reluctant", yaani alisitasita, kuuza mbuzi wa mwisho. Hilo neno halitamtoka.

Jambo moja la hapa kwetu. Kiingereza cha Uganda kina maisha yake, na sikidharau. Tunamwambia mtu "you are lost" tukimaanisha hatujamwona siku nyingi, na "extend" tukimtaka asogee kidogo kwenye kiti cha taksi. Kwenye taksi ni sahihi kabisa, kila mtu anaelewa. Kwenye insha, au kwa mwajiri wa nje, maana inapotea. Kusoma sana ndiko kunakokupa uwezo wa kusikia tofauti hiyo. Hakuna orodha itakayokutenganishia.

Udhaifu wa njia hii ni kusahau. Neno la kati unaweza kulikuta leo, usilione tena hadi miezi miwili ipite, na wakati huo limeshakwenda.

Kadi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushika kuliko kukariri mara nyingi kwa mkupuo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaligeuza wazo hilo kuwa boksi la vyumba vitano. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza na kurudiwa kila siku. Ukiipata sawasawa inasonga chumba cha pili, inayorudiwa kwa nadra zaidi, na kuendelea. Ukiikosa, inarudi mwanzo.

Unaweza kulitengeneza nyumbani kwa boksi la viatu na karatasi ya manila iliyokatwa vipande. Au utumie programu ya Anki, iliyoanza mwaka 2006, ambayo inakupangia siku za kurudia yenyewe. Kwenye kompyuta na kwenye simu za Android ni ya bure, na kadi zikishaingia haihitaji intaneti. Kwenye iPhone inalipiwa. Simu ina kumbukumbu nzuri kuliko boksi, lakini boksi halina ujumbe wa rafiki unaokukatiza, wala halizimi chaji. Kwa vijana chini ya miaka 18 napendekeza manila. Kuiandika kadi kwa mkono nako ni kusoma.

Kadi zina ugonjwa uleule wa neno la siku usipoangalia. Ukiandika "notorious" upande mmoja na "anayejulikana" upande wa pili, umelihifadhi kosa lako kwa ustadi mkubwa. Mbele iandike sentensi yenye nafasi wazi, nyuma neno lenyewe. Na usipakue kadi 5,000 zilizotengenezwa na mtu mwingine. Kadi ambazo hukukutana nazo popote hazina kumbukumbu ya kushikia.

Wengine huniuliza kuhusu Scrabble. Ni mchezo mzuri wa kupanga herufi ziwe maneno, unanoa tahajia. Lakini mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno kama michoro. Hilo linakuonyesha mchezo unadai nini, na haudai maana.

Kuhusu kamusi nitasema machache. Kamusi kubwa ya Oxford ina maneno zaidi ya nusu milioni, nayo ni ya watafiti. Wewe unahitaji kamusi ya wanaojifunza, ya aina aliyoianzisha A. S. Hornby, iliyotolewa na Oxford mwaka 1948, au ya Longman ya mwaka 1978 ambayo inaeleza kila neno kwa kutumia maneno ya msingi yapatayo 2,000 tu. Hizi hukupa mifano, na hukuonya neno likiwa la dharau au la kizamani. Nakala ya mtumba haina tatizo, maneno ya kati hayajabadilika sana. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam) ya mwaka 1996 iwe ya pili mkononi, ya kuthibitisha, isiwe ya kwanza.

Sasa chagua

Kama una mtihani wa kidato cha sita ndani ya mwaka mmoja, chukua gazeti na daftari, na maneno yako matano ya kila siku yaingie kwenye kadi jioni. Ongeza mzizi mmoja kwa wiki ukipenda. Neno la siku lizime mpaka mitihani iishe.

Kama unakwenda kusomea uuguzi, sheria au sayansi, mizizi ipande juu. Lugha ya tiba karibu yote ni Kigiriki na Kilatini, na anayejua kwamba "cardi" ni moyo na "-itis" ni uvimbe wenye maumivu anasoma jina la ugonjwa kabla hajaelezwa.

Kama ni barua ya kazi ya wiki hii, usijifunze neno jipya hata moja. Andika kwa yale unayoyamudu. Katika barua ya yule kijana tuliweka "trusted", mwenye kuaminiwa, neno alilolijua tangu shule ya msingi, na aya ikasimama.

Mama wa sokoni anayetaka kumsaidia mtoto wa darasa la nne hana haja na haya yote. Asome naye hadithi fupi kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, wakielezana kwa Kiswahili. Msamiati wa mtoto unakua kwa kusikia kisa, na lugha ya nyumbani haimpunguzii kitu.

Na yule wa boda boda aliyeniambia steji kwamba anataka Kiingereza cha kuongoza wageni, muda wake ni dakika tano tano, mikono yake ina vumbi, na simu anaitunzia chaji ya kupokea abiria. Kwake ni kadi kumi za manila mfukoni, zimefungwa kwa mpira, za majina ya ndege, ya miti na ya vyakula anavyovipita kila siku barabarani, kila moja na sentensi ambayo mgeni anaweza kuiuliza.